Nafasi, Wala si Masomo: Uhakiki wa Istilahi za Utafiti wa Baada ya Uzamivu

Miongoni mwa maandishi yanayofika mezani petu ili yatafsiriwe au yasahihishwe, yako matangazo ya namna moja ambayo yamezidi kuongezeka kwa miaka ya karibuni. Matangazo hayo huwaita wanasayansi na wahandisi waliokwisha kupata shahada ya tatu, ambao bado wako mwanzoni mwa kazi ya utafiti, waombe kwenda katika maabara fulani kuendesha utafiti wao kwa mwaka mmoja, miwili au mitatu, huku wakilipwa na mfuko uliowekwa kwa shughuli hiyo. Jambo lenyewe lina zaidi ya miaka mia moja ulimwenguni. Jina lake kwa Kiswahili ndilo ambalo halijatulia. Katika bunda moja tu la karatasi tulilokabidhiwa, tulikuta jambo hilo hilo limeitwa ufadhili wa masomo ya baada ya udaktari, ushirika wa baada ya uzamivu, udhamini wa wanasayansi vijana, mafunzo ya juu ya uzamivu, na, kwa mfasiri aliyechoka kutafuta, feloshipu.

Majina matano kwa kitu kimoja ni usumbufu kwa lugha yo yote, lakini si usumbufu huo unaotusukuma kuandika. Istilahi nyingi huanza na majina matano, kisha matumizi huchuja. Linalotusukuma ni kwamba manne kati ya majina hayo humweleza msomaji jambo lisilo kweli, na msomaji mwenyewe mara nyingi ni ofisa mwenye muhuri, ambaye hana njia nyingine ya kulijua jambo ila kwa maneno yaliyo mbele yake.

Kabla ya kulipima jina, yatupasa kukijua kitu. Mwaka 1919, nchini Marekani, Baraza la Taifa la Utafiti la huko lilianza kutoa nafasi kwa wanafizikia na wanakemia waliokwisha kupata udaktari wa falsafa, kwa fedha za Wakfu wa Rockefeller. Sababu yake ni nyepesi kuielewa na hata leo haijachakaa: mtu akimaliza shahada aliajiriwa kufundisha, na saa za kufundisha zilimmeza kabla hajathibitisha kwamba aweza kutafiti kwa akili yake mwenyewe. Kwa hiyo alinunuliwa muda. J. Robert Oppenheimer, aliyepata udaktari wake Göttingen mwaka 1927, alishika nafasi ya namna hiyo mara tu baada ya hapo. Werner Heisenberg, aliyepata wake München mwaka 1923, alikwenda mwaka 1924 kwa Niels Bohr mjini Copenhagen, naye alilipiwa kwa fedha za Rockefeller. Huko hakusomea shahada. Alifanya kazi na Bohr, akabishana naye, akarudi bila cheti kipya mfukoni, na mwaka 1925 akatoa makala iliyofungua mlango wa fizikia ya kwanta kama ijulikanavyo leo.

Tunaomba msomaji aukumbuke mfuko huo usio na cheti, maana hapo ndipo penye kiini cha uhakiki huu.

Siku hizi mipango ya namna hii ni mingi. Wakfu wa Alexander von Humboldt wa Ujerumani, ulioanzishwa upya mwaka 1953, huwapokea watafiti kutoka nchi zote bila kuweka mgawo wa nchi wala wa fani. Umoja wa Ulaya nao una mpango uliopewa jina la Marie Curie tangu mwaka 1996, na tangu 2014 jina hilo huandikwa kwa ukamilifu, Marie Skłodowska-Curie. Mfasiri asilifupishe kwa kuona ni gumu kutamka, kwa sababu hilo Skłodowska ndilo jina alilozaliwa nalo Warszawa. Hapa Afrika, Chuo cha Sayansi cha Afrika chenye makao yake Nairobi kilishirikiana na Jumuiya ya Kifalme ya London kuanzisha mpango wa FLAIR, ambao uliwaweka watafiti wa Kiafrika katika taasisi za Afrika yenyewe kwa miaka miwili. Mpango huu wa mwisho tunautaja kwa makusudi. Unaonyesha kwamba wazo la kusafiri ng'ambo, ambalo hujificha ndani ya tafsiri nyingi tulizozisoma, si sehemu ya maana ya jambo lenyewe.

Sasa tuingie katika majina. La kwanza, nalo ndilo lenye madhara kuliko yote, ni masomo. Tuliletewa barua za mkasa mmoja ili tutoe ushauri wa lugha. Hatutaitaja ofisi wala mhusika. Mhadhiri wa kemia, mwenye uzamivu wa miaka mitatu, alichaguliwa kwenda Ulaya kwa miezi 24. Barua ya uteuzi ilipotafsiriwa, mfasiri aliandika kwamba mhusika amepata ufadhili wa masomo ya baada ya udaktari. Ofisa utumishi akatenda kama alivyopasa kutenda kwa mujibu wa maneno aliyoyasoma: akafungua fomu ya likizo ya masomo. Fomu ile inauliza jina la shahada itakayosomewa, muda wa kozi, na tarehe ya kuwasilisha cheti. Mhadhiri hakuwa na la kujaza. Akaandika kwamba hakuna shahada wala cheti, nayo fomu ikarudishwa kwa kuwa haikukamilika. Barua iliyofuata ilimtaka aeleze kwa nini mtu mwenye shahada ya tatu aombe kusoma tena, ilhali wenzake katika idara hiyo hiyo wanangoja zamu ya kusomea shahada ya pili. Kwa mtu aliyeambiwa kwamba hapa pana masomo, swali hilo ni la haki kabisa, na sisi tungeliuliza vile vile. Hatimaye jambo lilipatiwa njia kwa utaratibu wa kuazimwa, ambao ndio uliofaa tangu siku ya kwanza. Lakini kufikia wakati huo mwenyeji wake alikuwa amesogeza tarehe ya kuanza mara mbili, na kila msogezo ulipunguza miezi ya kazi.

Hatuoni hapa ofisa mzembe wala mhadhiri mjeuri. Tunaona neno moja lililoketi mahali pasipo pake.

Na hasara haishii katika ofisi ya utumishi. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2016 kuhusu kuingia na kukaa kwa wageni wa utafiti na wa masomo linamtenga mtafiti na mwanafunzi. Huyu huingia kwa barua ya kukubaliwa chuoni, yule kwa mkataba wa kupokewa na taasisi ya utafiti, na haki zao si sawa. Mwombaji ambaye barua ya ruhusa kutoka kwa mwajiri wake imemwita mwanafunzi, huku mkataba alioletewa na mwenyeji ukimwita mtafiti, anafika dirishani na karatasi mbili zinazopingana. Hapo atalazimika kuitetea tafsiri ambayo hakuiandika yeye.

Yumkini atatokea msomaji wa kutupinga kwa kusema kwamba hata wenye lugha ya Kiingereza huliita jambo hili mafunzo. Ni kweli. Mwaka 2007 mashirika mawili ya serikali ya Marekani yanayogharimia utafiti, la afya na la sayansi, yalikubaliana kumweleza mtu huyu kwa maneno mamoja: ni mwenye udaktari au sifa inayolingana nao, yuko katika kipindi chenye mwisho uliowekwa, anapewa mafunzo ya juu chini ya uongozi wa mlezi, na shabaha ni kumfikisha kwenye uhuru wa kutafiti. Neno mafunzo limo. Lakini tuangalie yaliyofuata. Katika Chuo Kikuu cha California watafiti wa namna hii waliunda chama cha wafanyakazi, wakapata mkataba wao wa kwanza wa pamoja mwaka 2010, na mwezi Novemba 2022 walishiriki katika mgomo wa wafanyakazi wa kitaaluma wapatao 48,000 wa chuo hicho. Mtu hagomi masomo yake akadai nyongeza ya mshahara. Basi katika nchi hiyo yenyewe ubishi kama mtu huyu ni mwanafunzi au mfanyakazi haujesha, na kila upande unavuta neno upande wake. Mfasiri wa Kiswahili hana kazi ya kuuamua ubishi huo. Anapoandika masomo, anauamua. Tena anauamua kwa niaba ya upande mmoja, mbele ya ofisa ambaye hajui kwamba upo.

Kuna tofauti pia kati ya kufunzwa na kusoma, ambayo Kiswahili huilinda vizuri kuliko tunavyodhani. Fundi aliyekwisha kuhitimu akienda kukaa na fundi mkuu ili aongeze ujuzi, hatusemi amekwenda shule.

Tuje kwenye kipande cha pili cha jina, yaani baada ya udaktari au baada ya uzamivu. Hapa wafasiri wamegawanyika, na sisi hatusiti kuchagua. Neno udaktari, kwa mwananchi, ni kazi ya hospitali. Shahada ya kwanza ya tiba humfanya mtu awe daktari wa tiba, na mara nyingi daktari huyo baada ya udaktari wake huendelea kusomea ubingwa wa upasuaji, wa watoto au wa magonjwa ya wanawake. Kwa hiyo tangazo la nafasi za baada ya udaktari katika biolojia, likibandikwa katika hospitali ya mkoa, litasomwa na madaktari wa tiba kuwa linawahusu, nao hawatakuwa wamekosea katika kusoma. Uzamivu hauna tatizo hilo. Ni neno lililozoeleka vyuoni kwa maana moja tu, shahada ya tatu, na limejengwa juu ya zamia, kitendo cha kushuka chini ya maji kutafuta kilichofichika. Kenya wenzetu huandika uzamifu kwa maana hiyo hiyo. Tofauti ya herufi moja haitutengi, ingawa tungependa mfasiri achague moja na asizichanganye katika ukurasa mmoja.

Twajua kwamba mitaani kuzamia ni kitu kingine. Kijana wa bandarini akisema fulani kazamia, maana yake amejificha katika meli akaenda zake Ulaya bila pasi. Wako waliotuuliza, kwa mzaha wenye chembe ya hofu, kama haifai kuliepuka neno hili hasa katika matangazo ya kwenda Ulaya. Hatuoni hatari. Mzamiaji na mwenye uzamivu hawajapata kuchanganywa katika hati yo yote tuliyoisoma, na lugha yenye afya hubeba mizaha ya namna hiyo bila kuinama.

Upande wa maana, hata hivyo, tuna kinyongo kidogo na hilo baada. Ukisema mtu yuko baada ya uzamivu, ni kama amekwisha kutoka majini na sasa anakausha nguo. Ukweli ni kinyume: mara ya kwanza alizama huku msimamizi ameshika kamba, na sasa ndipo anapozama peke yake. Lakini istilahi haidaiwi kusema yote. Baada ya uzamivu inaonyesha sharti la kuingilia, yaani shahada iwe imekwisha kupatikana, na sharti hilo ni la kweli katika mipango yote tuliyoitaja. Linatosha.

Ufadhili na udhamini tutavijadili pamoja. Udhamini ni neno la mahakamani na la benki. Mdhamini huweka mali yake au jina lake rehani kwa ajili ya mtu mwingine, na akitoroka huyo, hulipa. Hakuna mtu anayewekewa dhamana hapa. Ufadhili ni karibu zaidi, kwa kuwa fedha zinatolewa kweli. Kosa lake ni kwamba linataja mtoaji na kumsahau mtendaji. Katika mizizi yake mna fadhila, na mwenye kufadhiliwa hubaki na deni la shukrani. Mtafiti huyu amechaguliwa kwa ushindani, andiko lake la utafiti limepimwa na wataalamu, na kazi yake inainufaisha maabara inayompokea. Neno ufadhili litumike pale panapozungumzwa chanzo cha fedha, kama tunavyosema mradi unafadhiliwa na wakfu fulani. Lisitumike kuwa jina la cheo cha mtu.

Tena fedha zenyewe si za namna moja, na hapa mfasiri mwenye haraka huteleza vibaya. Chini ya mpango wa Humboldt mtafiti hupokea fedha za kila mwezi kutoka kwa wakfu bila kuwa mwajiriwa wa chuo kinachompokea. Chini ya mpango wa Marie Skłodowska-Curie mambo ni mengine: kwa kawaida taasisi mwenyeji humwajiri kwa mkataba, humkata kodi na michango ya hifadhi ya jamii. Mwito wa mwaka 2023 wa mpango huo ulitaja mafungu matatu: la kujikimu, la uhamaji, na la familia kwa mwenye familia. Tumeona tafsiri iliyoyaita yote matatu posho. Mfanyakazi wa serikali anaijua posho. Ni fedha inayokuja juu ya mshahara, ya safari au ya kikao, na huisha safari inapoisha. Akisoma kwamba atapewa posho ya kujikimu, atauliza mshahara uko wapi, na mwajiri wake nyumbani atadhani ndiye atakayeendelea kuulipa. Kumbe hilo fungu la kujikimu ndilo mshahara wenyewe. Liitwe mshahara, na yale mawili mengine ndiyo yabaki posho. Katika mpango usio na ajira, kama ule wa Humboldt, tunaona ruzuku ya utafiti ni neno la haki zaidi kuliko yote mawili.

Ushirika ni tafsiri ya mtu aliyefungua kamusi na kuchukua neno la kwanza. Tulipolisoma kwa mara ya kwanza katika tangazo la uhandisi wa maji, mwenzetu mmoja aliuliza kama hawa ni wakulima wa kahawa. Swali lake lilikuwa zuri. Katika nchi yetu ushirika ni vyama vya wakulima, ni maduka, ni mizani na hisa. Na katika makanisa ni kukusanyika kwa waumini, au meza ya Bwana. Neno limejaa, halina chumba cha mgeni mwingine.

Lakini kosa hili lina chanzo kinachostahili kuelezwa, kwa kuwa litaendelea kuwatega wafasiri. Neno felo la Kiingereza lilikua katika vyuo vya Oxford na Cambridge, ambako felo alikuwa mwenzi katika jumuiya ya chuo: ana chumba chake, ana kiti chake mezani, ana kura yake katika mambo ya chuo. Baadaye neno hilo lilipewa kazi ya pili, la mwanachama aliyeteuliwa kwa heshima katika jumuiya ya wataalamu, kama ile Jumuiya ya Kifalme ya London iliyoanzishwa mwaka 1660, au katika vyama vya wahandisi, ambamo ndicho cheo cha juu cha uanachama. Kazi ya tatu ndiyo hii ya kwetu, ya mtafiti wa muda. Tena katika Uingereza felo alimtangulia mwenye udaktari kwa miaka mingi sana, maana shahada ya udaktari wa falsafa haikuanzishwa Oxford hadi mwaka 1917. Kwa hiyo neno moja linabeba watu watatu: mjumbe wa chuo, mzee wa heshima, na mtafiti anayeanza. Kiswahili hakilazimiki kurithi mrundikano huo. Tumeona wasifu uliotafsiriwa ambamo mhandisi aliyepewa uanachama wa heshima baada ya miaka thelathini ya kazi ameitwa mtafiti wa ushirika. Naye mtafiti wa miezi 12 ameitwa mwanachama mwandamizi. Wamebadilishana vyeo bila wenyewe kuwa na habari.

Kwa hao wawili wa kwanza, mjumbe wa chuo na mwanachama wa heshima yanatosha. Kuhusu feloshipu, hatulichukii kwa kuwa ni la mkopo. Kiswahili kimekopa na kinakopa. Tunalikataa kwa sababu limekopwa pamoja na mrundikano wake wote, wala halimsaidii ofisa kuamua ni fomu ipi aifungue.

Yafaa hapa tuangalie Kiarabu kimefanyaje, kwa sababu wataalamu wa huko wamekutana na tatizo hili hili. Wao husema zamala ya baada ya udaktari, na zamala kwao ni uwenzi wa kazi, kutoka katika zamili, mwenzi katika kazi au katika chuo. Msomaji ataona mara moja ni kwa nini njia hiyo imefungwa kwetu: sauti zile zile tumekwisha kuzitumia katika uzamili, nao ni shahada ya pili. Anayependekeza uzamili wa baada ya uzamivu, na yuko aliyependekeza, atawapa wanafunzi wetu kizungumkuti ambacho hakuna mwalimu atakayekifungua.

Limebaki neno vijana. Wanasayansi vijana, watafiti vijana, wahandisi vijana: matangazo yamejaa ujana. Lakini mipango yenyewe haihesabu umri, bali huhesabu miaka tangu shahada ipatikane. Katika ule mwito wa 2023 wa Marie Skłodowska-Curie, mwombaji alitakiwa asizidi miaka minane ya kazi ya utafiti tangu apate uzamivu, na muda wa likizo ya uzazi au ya ugonjwa haukuhesabiwa. Katika nchi zetu mtu huajiriwa kwanza, hufundisha miaka kadhaa, husomesha wadogo zake, ndipo hupata nafasi ya kusomea shahada ya pili na ya tatu. Wako wengi wanaopata uzamivu wakiwa na miaka arobaini na zaidi. Mwalimu mama wa watoto wanne, mwenye umri wa miaka 44 na uzamivu wa miaka miwili, anafaa kabisa kuomba. Akisoma vijana analigeuza tangazo upande wa pili na kuandikia orodha ya sokoni. Huyu ndiye ambaye neno baya limemgharimu kuliko wote, kwa kuwa hakuna barua wala fomu itakayobaki kuonyesha kwamba alikosa. Neno chipukizi, ambalo wengine hulipenda, lina kasoro hiyo hiyo ya umri, tena linakumbusha gwaride za watoto. Mchanga tungelikubali, kwa kuwa mwalimu mchanga aweza kuwa mtu mzima. Ila lina harufu ya upungufu. Tunapendelea kusema kwa maneno ya wazi: mtafiti aliye mwanzoni mwa kazi.

Kwa hayo yote tunapendekeza nafasi ya utafiti wa baada ya uzamivu, na kwa mwenye kuishika, mtafiti wa baada ya uzamivu. Neno nafasi tumelichagua kwa sababu hutangazwa, hushindaniwa, hushikwa na huachwa. Hukubali mshahara na hukubali ruzuku. Halisemi kwamba mtu ni mwanafunzi, wala halimwapishi kuwa mwajiriwa wa kudumu. Wapo watakaosema jina ni refu. Ni refu, lakini hakuna neno ndani yake ambalo ofisa wa wilaya halijui. Wengine walipendekeza mtafiti wa muhula, na kwa maana ya muda wenye mwisho lingefaa sana, kama muhula haukuwa umekwisha kuchukuliwa na vyuo kwa nusu ya mwaka wa masomo. Hapo tungekuwa tumeyafukuza masomo mlangoni na kuyaingiza dirishani.

Wenye kukata tamaa, wanaodhani jina likisha kuenea haling'oki, tunawakumbusha historia ya neno utafiti lenyewe. Taasisi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoshughulika na lugha yetu ilijulikana kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, jina lililodumu hadi mwaka 2009; uchunguzi ndio uliokuwa utafiti. Lakini hata baraza la taifa la utafiti wa sayansi lililoundwa mwaka 1968 lilijulikana kwa jina la UTAFITI, na polepole neno hilo likajaza vyuo na maabara, uchunguzi ukarudi kwa polisi na kwa daktari anayepima damu. Hakuna aliyepigwa faini. Watu waliona kwamba neno moja limekuwa likifanya kazi mbili, wakaligawa.

Upo pia ubishi mdogo juu ya mtu anayempokea mtafiti. Baadhi humwita msimamizi, kama yule wa tasnifu. Hatukubali, tasnifu imekwisha. Wajerumani wa Humboldt humwita mwenyeji, nasi tunalo neno hilo tangu zamani pamoja na adabu zake zote, ila tu mgeni huyu hupewa jembe siku ya kwanza. Taasisi iitwe taasisi mwenyeji, wala isiitwe chuo mwenyeji, maana wahandisi wengi hupokelewa na viwanda na makampuni. Pale panapotajwa kazi ya kumwongoza mtafiti hadi asimame mwenyewe, mlezi wa utafiti ni neno linalofaa.

Ili wafasiri wapate kuyapima mapendekezo haya katika matumizi, tumeliandika upya tangazo moja kati ya yale ya bunda letu, tukiondoa majina. Lasomeka hivi:

Taasisi inatangaza nafasi mbili za utafiti wa baada ya uzamivu katika uhandisi wa maji, kwa muda wa miezi 24. Mwombaji awe amepata shahada ya uzamivu katika miaka minane iliyotangulia tarehe ya mwisho ya maombi. Umri hauangaliwi, na muda wa likizo ya uzazi hauhesabiwi. Mtafiti atakayechaguliwa ataajiriwa na taasisi mwenyeji kwa mkataba, na atalipwa mshahara na posho ya uhamaji; mwenye familia ataongezewa posho ya familia. Ataendesha utafiti aliouandikia maombi, akishauriwa na mlezi wa utafiti. Nafasi hii haitoi shahada wala cheti cha masomo.

Mfasiri atakayeona kwamba sentensi ya mwisho haimo katika tangazo la asili ataona sawasawa. Tunamshauri aiache hapo hapo. Imewekwa kwa ajili ya fomu.